Cheti cha ulemavu: Jinsi ya kukipata na manufaa yake

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Fundi wa ujenzi aliyepanda jukwaani asubuhi akiwa na miguu miwili huenda jioni akalazwa hospitalini akiwa ameumia uti wa mgongo. Mama aliyeishi na ugonjwa wa kisukari kwa miaka 15 huenda akakatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kidonda kilichoanza kwenye kidole kimoja. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa huenda akatimiza miaka mitatu bila kukaa wala kutamka neno. Matibabu yakiisha, jamaa zao hutujia sisi madaktari na swali lile lile: je, serikali ina msaada wowote, na tuanzie wapi?

Msaada upo, msomaji. Si mwingi, lakini upo kwa mujibu wa sheria. Tatizo ni kwamba wengi huanzia kwenye mlango usiofaa. Huenda kwa chifu wakatumwa hospitalini, hospitalini wakatumwa kwenye ofisi nyingine, na mwishowe hukata tamaa na kurudi nyumbani. Leo tutaeleza njia hiyo hatua kwa hatua, na hasa sehemu ya daktari, kwa maana hapo ndipo maombi mengi huharibika.

NANI ANA ULEMAVU?

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 260, inaeleza ulemavu kwa upana. Ni hitilafu, hali au ugonjwa wa mwili, wa viungo vya hisia, wa akili au wa aina nyingine unaoathiri sana, au kwa muda mrefu, uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Hata hali ambayo jamii kubwa inaiona kuwa na athari kama hiyo imo ndani ya maelezo hayo.

Kwa hivyo, usidhani kwamba ulemavu ni wa miguu peke yake. Mtu asiyeona, asiyesikia, mwenye kifafa kisichotulia kwa dawa, mwenye ugonjwa wa akili wa muda mrefu, mwenye mtindio wa ubongo na mwenye ualbino, wote wanaweza kuhesabiwa. Yapo pia magonjwa sugu ambayo hudhoofisha mwili mwaka baada ya mwaka mpaka mgonjwa akashindwa kujihudumia.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya karibu 900,000 walio na ulemavu. Hao ni asilimia 2.2 ya watu wote wenye umri wa miaka mitano na zaidi.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinawapa haki ya kuheshimiwa, kusoma, kufika mahali pote pa umma na kupata vifaa vya kuwasaidia. Kifungu cha 43 nacho kinaitaka serikali kuwasaidia wale wasioweza kujikimu. Sheria ya kwanza ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka wa 2003, na mwaka wa 2025 mahali pake pakachukuliwa na sheria mpya.

HATUA YA KWANZA: HOSPITALI

Milango yote ya msaada hufunguliwa na ripoti ya uchunguzi wa ulemavu. Ripoti hii hutolewa na jopo la wataalamu katika hospitali zilizotangazwa rasmi na serikali kwa kazi hiyo, nyingi zikiwa hospitali za umma za kaunti na zile kubwa za rufaa. Daktari wako wa mtaani, hata awe amekutibu kwa miaka 20, hawezi kukupa ripoti hiyo peke yake akiwa kliniki kwake. Anachoweza kufanya ni kukuandikia barua nzuri ya kukutuma huko, na barua hiyo ina uzito kuliko wengi wanavyofikiri.

Hospitali nyingi huwa na siku maalumu za uchunguzi huu. Piga simu au mtume jamaa aulize kwanza. Hakuna haja ya kumbeba mgonjwa kwa matatu mbili hadi hospitalini siku ya Jumatatu, kumbe jopo hukutana Alhamisi.

Siku hiyo beba vitu hivi: kitambulisho cha kitaifa, au cheti cha kuzaliwa ikiwa mgonjwa ni mtoto, picha ndogo za pasipoti, barua ya daktari wako, na karatasi zote za matibabu, yaani picha za eksirei, majibu ya maabara, kadi za kliniki na barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Kama ulitibiwa katika hospitali kubwa kama vile Kenyatta, Mathari au ile ya majeruhi wa uti wa mgongo iliyo Nairobi, nenda kwenye idara ya rekodi uombe muhtasari wa matibabu yako. Kwa mgonjwa wa macho au masikio, kipimo cha hivi karibuni kitakuokolea safari ya pili.

MADAKTARI HUTAZAMA NINI?

Hapa naomba usome polepole. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Watu wawili wanaweza kuugua kiharusi mwezi mmoja. Mmoja akarudi kazini kwake akiwa na ganzi kidogo mkononi, mwingine akawa hawezi kugeuka kitandani bila kusaidiwa. Ugonjwa ni mmoja, lakini ulemavu si mmoja. Jopo linataka kujua mwili au akili inashindwa kufanya nini, kwa kiasi gani, na ikiwa hali hiyo ni ya kudumu au ya muda.

Kwa sababu hiyo, barua inayosema tu "mgonjwa huyu ana kisukari na alikatwa mguu" haisaidii sana. Barua yenye manufaa husema: mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti, kigutu kimepona, anatembea kwa magongo mawili hatua zipatazo 50 kisha hupumzika, hawezi kupanda ngazi, hawezi kubeba mzigo, hapo awali alikuwa akiuza mboga kwa kutembea nyumba hadi nyumba. Ukimwendea daktari wako, mwombe aandike mambo ya namna hiyo, na wewe umpe habari zenyewe.

Wakenya tuna adabu inayotuponza siku kama hii. Mgonjwa huoga, huvaa nguo zake nzuri, na daktari anapomwuliza hali yake hujibu, "Mimi ni mzima, daktari." Kumbe nyumbani huvalishwa na binti yake, na chooni hupelekwa na mjukuu. Siku ya uchunguzi si siku ya kuona haya. Eleza siku zako mbaya zilivyo na ni mara ngapi kwa wiki hukujia. Mwenye kifafa aje na mtu aliyewahi kumwona akianguka, kwa maana mwenyewe hajui yanayotokea wakati huo. Mwenye ugonjwa wa akili aje na jamaa anayeishi naye.

Pia usitie chumvi. Daktari mzoefu humwona mgonjwa akiingia mlangoni, akiketi na akivua kiatu, na macho yake hupima hayo yote. Ukionekana umedanganya katika jambo moja, hata ukweli wako utatiliwa shaka.

Jambo jingine ni wakati wa kwenda. Baada ya kiharusi, nafuu kubwa hupatikana katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza, hasa kwa mgonjwa anayefanya mazoezi ya viungo. Ukipimwa katika wiki ya pili, jopo huenda likakwambia urudi baadaye. Aliyekatwa mguu hivi majuzi, au aliyepoteza miguu yote miwili, hana sababu ya kungoja ili ijulikane kama utaota tena. Kwa upande wa macho, kinachopimwa ni uwezo wa jicho lililo bora kati ya mawili, tena ukiwa umevaa miwani inayokufaa. Mtu anayeona vizuri akivaa miwani hahesabiwi kuwa kipofu, hata akiivua asione chochote.

Mkimaliza, hakikisha ripoti ina majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba sahihi ya kitambulisho, sahihi za wanajopo na mhuri wa hospitali. Ripoti huhitaji pia kuidhinishwa na wakuu wa afya. Uliza hospitalini kama hatua hiyo wataifanya wao au ni lazima uifuatilie mwenyewe. Weka nakala. Ukiombwa malipo yoyote, omba risiti.

HATUA YA PILI: KUSAJILIWA

Ukiwa na ripoti, sasa nenda kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Lina ofisi katika kaunti, na maombi hufanywa pia kupitia eCitizen. Kama mtandao unakusumbua, mwombe kijana nyumbani au nenda Huduma Centre uulize. Ukikubaliwa utapewa kadi ya usajili yenye namba yako.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kadi hiyo si pesa. Kuwa nayo hakumaanishi kwamba mwisho wa mwezi simu italia na shilingi kuingia. Kadi ni ufunguo. Kila mlango baada ya hapo una maombi yake na masharti yake. Milango mikubwa ni hii ifuatayo.

Msamaha wa kodi. Mtu aliyesajiliwa na aliye na mapato anaweza kusamehewa kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza kila mwezi, yaani Sh1.8 milioni kwa mwaka. Amri iliyoweka kiwango hicho ilitolewa mwaka wa 2010. Maombi hufanywa kwa Halmashauri ya Ushuru, KRA, kupitia iTax. Utahitaji kadi ya Baraza, ripoti ya hospitali, namba ya PIN, karatasi ya mshahara, na barua ya mwajiri inayoeleza ulemavu wako na jinsi unavyoathiri kazi. Ni lazima pia uwe umewasilisha fomu zako za kodi za miaka iliyopita. Cheti cha msamaha kina tarehe ya kumalizika, kwa hivyo iandike kwenye kalenda na uanze kuomba upya miezi kadhaa mapema. Kumbuka kwamba msamaha huu ni wa kodi ya mapato. Makato mengine, kama yale ya NSSF na ya bima ya afya ya jamii, huendelea.

Wako walimu, makarani na wauguzi wenye ulemavu ambao wamekatwa kodi kwa miaka mingi bila kujua haki hii. Ukimfahamu mmoja ofisini mwako, mpe ukurasa huu.

Fedha za Inua Jamii. Mpango wa kuwasaidia watu wenye ulemavu mkali ulianza katika mwaka wa fedha wa 2010/2011, na hulipa Sh2,000 kwa mwezi. Huu ni wa maskini wenye ulemavu mkubwa, yaani wale wanaohitaji mtu wa kuwatunza mchana na usiku: kulishwa, kuogeshwa, kugeuzwa. Nyumba yenye mtu wa mshahara wa kudumu au pensheni, au iliyo tayari katika mpango mwingine wa fedha hizo, kwa kawaida haikubaliwi. Usajili hupitia kwa chifu, naibu wake na maafisa wa ustawi wa jamii, na majina huchunguzwa na wenyeji wa mahali hapo. Haufunguliwi kila siku. Hufanywa kwa awamu serikali inapotenga fedha. Kwa hivyo jitambulishe kwa naibu wa chifu wako mapema, hata kama wewe ni mpangaji Nairobi au Mombasa, ili awamu ikija asiseme hakujui. Mgonjwa asiyeweza kupokea pesa mwenyewe huteua mtunzaji wa kuzipokea kwa niaba yake. Mchagueni kwa makini, kwa maana kesi za mgonjwa kulala njaa huku mtunzaji akila fedha zake si ngeni kwetu madaktari.

Vifaa na ruzuku. Baraza lina hazina ya maendeleo inayosaidia kwa viti vya magurudumu, magongo, vifaa vya kusikia, karo za shule na mitaji ya vikundi. Wenye ualbino hupewa mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua. Mafuta hayo si urembo. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huungua na kupata saratani mapema, na saratani hiyo huweza kuzuiwa kwa mafuta, kofia pana na mikono mirefu ya shati.

Msaada wa kaunti. Baadhi ya kaunti zina sheria na fedha zao. Nairobi, kwa mfano, ilipitisha sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka wa 2015. Uliza katika ofisi ya wadi yako kuhusu basari na vifaa.

KAMA ULIUMIA KAZINI

Aliyeumia kazini ana mlango mwingine ambao hauhitaji awe maskini. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kumlipa. Kwa aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, hesabu hufanywa kwa mapato ya miezi 96. Kwa jeraha dogo kuliko hilo, hupewa sehemu yake. Mwambie mwajiri mara moja, na uhakikishe ajali imeripotiwa kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini. Fundi yule wa jukwaani asikubali kupewa nauli ya kwenda mashambani na kuambiwa apone haraka.

Aidha, mwanachama wa NSSF anayeshindwa kabisa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu wa kudumu anaweza kuomba malipo yake kabla ya umri wa kustaafu. Wengi hudhani ni lazima wangoje uzee.

MTOTO ASIFICHWE

Kwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu nina neno la pekee. Bado tunawaona watoto walioletwa hospitalini kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka minane, viungo vimekakamaa na mgongo umepinda, kwa sababu walifungiwa nyumbani. Sheria ya 2003 ilikataza kumficha mtu mwenye ulemavu kwa namna inayomnyima huduma zake. Lakini hata bila sheria, mwili wa mtoto haungoji. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akianza mazoezi ya viungo mapema, maumivu na kupinda kwa viungo hupungua. Mtoto asiyesikia akijulikana mapema, atajifunza lugha, iwe ya ishara au ya kutamka.

Mpeleke hospitalini kwa uchunguzi, kisha kwenye kituo cha kutathmini mahitaji ya kielimu. Vituo hivyo vilianza mwaka wa 1984, na huko ndiko huamuliwa mtoto asome shule gani na kwa msaada gani.

UKIKATALIWA

Kukataliwa mara ya kwanza si mwisho wa safari. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa kwa maandishi sababu za uamuzi unaokuumiza. Iombe barua hiyo kwa upole lakini bila woga. Mara nyingi utaona kwamba kilichokosekana ni karatasi tu: kipimo cha masikio cha miaka mitano iliyopita, sahihi moja iliyosahauliwa, au maelezo yasiyosema mgonjwa anashindwa kufanya nini. Rudi kwa daktari wako, rekebisheni, kisha omba upimwe tena. Kama hali yako imezidi kuwa mbaya tangu upimwe, hiyo nayo ni sababu ya kurudi.

Ukizungushwa bila sababu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Andika tarehe uliyokwenda kila ofisi na uliyezungumza naye.

Jihadhari na mabroka wanaosimama nje ya ofisi wakiahidi kadi kwa siku mbili. Wengine huchukua pesa na kutoweka. Wengine huleta karatasi bandia, na siku itakapogunduliwa, mwenye jina kwenye karatasi ndiye atakayejibu. Kwa mzima anayenunua ripoti ili asilipe kodi, ajue kwamba ni kwa sababu ya watu kama yeye kiwete wa kweli hupimwa mara tatu na kushukiwa.

Kwa ufupi, fuata mpango huu. Kwanza, kusanya karatasi zako za matibabu na upate barua ya daktari inayoeleza unachoshindwa kufanya. Pili, uliza siku ya jopo katika hospitali ya kaunti na upimwe. Tatu, jisajili na Baraza. Nne, chagua milango inayokuhusu na uombe kila mmoja peke yake. Tano, weka nakala ya kila kitu ndani ya bahasha moja nyumbani, mahali ambapo hata mtoto anaweza kupaonyesha.

Kazi hii yaweza kuchukua miezi kadhaa, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hana nguvu za kuifanya. Kama una jirani aliyekatwa mguu au dada mwenye mtoto asiyetembea, msaada mkubwa unaoweza kumpa wiki hii ni kumpigia simu hospitali, kumuulizia siku ya jopo, na kumsindikiza.